Wembe wa zamani na mpini uliopinda: jinsi ya kuunyosha bila kuuharibu

Swali: Nimerithi wembe wa kukunja wa zamani wenye mpini mweusi. Bapa lake bado ni zima, ila kibao kimoja cha mpini kimepinda kuelekea ndani, na kila ninapoukunja wembe makali hukigusa. Mtu mmoja amenishauri niupashe mpini juu ya mshumaa, na mwingine ameniambia niuchemshe kisha niunyoshe kwa mkono. Je, njia hizo ni salama? Na je, ni lazima kuzing'oa ribiti, yaani zile pini ndogo zinazoushikilia mpini?

Jibu: Ndugu msomaji, huo ushauri wa mshumaa uache kabisa. Mpini mweusi wa wembe wa zamani unaweza kuwa wa pembe, wa mpira mgumu au wa seluloidi (aina ya plastiki ya zamani), na vitu hivyo vitatu, vikishashikwa na kusuguliwa kwa miaka mingi, hufanana kiasi kwamba hata fundi mzoefu hulazimika kuchunguza kabla ya kusema ni kipi. Pembe ikiguswa na ndimi za moto huungua na kuachana matabaka. Mpira mgumu hutoa moshi wenye salfa. Seluloidi, ambayo kikemia ina undugu wa karibu na baruti isiyo na moshi, hushika moto mara moja na kuteketea kabla hujapata nafasi ya kuitupa. Ushauri wa maji ya moto una ukweli ndani yake, lakini umeeleza nusu tu ya kazi: joto hulainisha, na kinachonyosha ni kupoa huku kibao kikiwa kimeshikiliwa katika umbo unalolitaka. Kuhusu ribiti, kwa mpindo kama ulioueleza mara nyingi hakuna haja ya kuzing'oa, ingawa zipo hali zisizokwepeka, nami nitazitaja.

Kabla ya kuanza chochote, yakinge makali. Zungushia bapa selotepu kutoka upande wa mgongo hadi mgongo, tabaka mbili au tatu, kwa sababu utakuwa ukiugeuza wembe mkononi huku vidole vimelowa, na wembe wa zamani unaodhaniwa kuwa butu bado hukata nyama vizuri sana.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba kosa ni la kibao kweli. Mpini wa wembe wa kukunja una vibao viwili vyembamba vilivyounganishwa upande mmoja na ribiti ya egemeo, ile ambayo shingo ya bapa huzungukia, na upande wa pili na ribiti nyingine inayopita katikati ya kabari. Baadhi ya nyembe huwa na ribiti ya tatu katikati ya mpini. Kabari huvitenga vibao mkiani, na kwa kuwa vibao vimebanwa ncha zote mbili, katikati hufura kidogo kuelekea nje na kubaki na mvuto unaoifanya shingo ikazwe vizuri. Ufuro huo mdogo umekusudiwa na aliyeutengeneza wembe. Wapo wanaouona, wakaukaza mpini unyooke kabisa, na baadaye wakashangaa kwamba bapa sasa linakwaruza pande zote mbili.

Kwa hiyo makali yakigusa kibao, sababu inaweza kuwa yoyote kati ya hizi: bapa lenyewe limepinda, ribiti ya egemeo imelegea au imekaa mshazari, kabari imesinyaa upande mmoja, au kibao kimepinda. Bapa hupimwa kwa kulilaza juu ya kioo cha dirisha kilicho safi, mgongo na makali vikigusa kioo. Likiyumba kutoka kona hadi kona limesokoteka, na nyembe nyingi za zamani zilitoka kiwandani zikiwa hivyo kwa sababu chuma hujipinda kinapozamishwa katika mafuta au maji wakati wa kukifanya kigumu. Ribiti hupimwa kwa kulisukuma bapa kulia na kushoto likiwa limefunguliwa nusu. Likicheza, ribiti imelegea, na pengine kazi yako yote itaisha kwa kugonga kichwa cha ribiti taratibu mara chache kwa nyundo ndogo. Kabari itazame kwa mkiani: unene wake unapaswa kuwa sawa kulia na kushoto. Baada ya hapo ndipo ushike rula ya chuma, uiweke kwa upande wake mwembamba juu ya kila kibao, na utazame mwanga unaopita chini yake. Ukipata nafasi ya milimita moja katikati ya kibao kimoja na kingine kimekaa vizuri, umempata mkosaji.

Angalia pia aina ya mpindo. Kibao kilichobonyea kuelekea ndani au kufura kuelekea nje ni kazi nyepesi. Kibao kilichosokoteka, yaani ncha moja imelala kulia na nyingine kushoto, ni kazi ya kufungua ribiti, kwa sababu msokoto hauwezi kusahihishwa wakati ncha zote mbili bado zimefungwa.

Sasa tuje kwenye jambo linaloamua kila kitu, yaani mpini umetengenezwa kwa nini. Historia husaidia kidogo hapa. Katika karne ya 18 na sehemu kubwa ya karne ya 19, nyembe za Sheffield nchini Uingereza na za Solingen nchini Ujerumani zilipewa zaidi mipini ya pembe za ng'ombe au nyati, nyingi zikiwa zimetiwa rangi nyeusi. Mpira mgumu uliingia baada ya Nelson Goodyear kupata hataza yake mwaka 1851, na seluloidi baada ya John Wesley Hyatt kupata ya kwake nchini Marekani mwaka 1870. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa zinazoingizwa ziandikwe nchi zilikotoka, hivyo wembe wenye neno la nchi kwenye shingo yake kwa kawaida ni wa mwaka 1891 au baadaye, na hapo uwezekano wa seluloidi huwa mkubwa. Lakini mipini ilibadilishwa sana, kwa hiyo tarehe ya bapa haithibitishi umri wa mpini.

Pua yako ni kipimo bora kuliko tarehe. Sugua kibao kwa nguvu kwa kidole gumba mpaka kipate joto, kisha kinuse mara moja. Harufu ya salfa, ile ya kiberiti kilichowashwa, ni ya mpira mgumu. Harufu ya kafuri ni ya seluloidi, kwa maana kafuri ndiyo iliyotumika kuilainisha ilipotengenezwa. Pembe haitoi harufu ya wazi kwa kusuguliwa, lakini ukiielekeza kwenye taa yenye mwanga mkali, kingo zake nyembamba mara nyingi hupitisha mwanga wa rangi ya kahawia au ya asali, na ndani yake huonekana mistari inayofuata urefu wa kibao. Tazama pia ndani ya mpini, mahali ambapo hapakupigwa msasa wala kung'arishwa, maana nyuzi za pembe huonekana huko hata kama nje ni laini na pameng'aa. Mpini wenye picha au mapambo yaliyochomoza, kama majani na ndege, ulitengenezwa kwa kukandamizwa kwenye kalibu. Huo unaweza kuwa wa kitu chochote kati ya vitatu, maana hata pembe hukandamizwa. Kipimo cha sindano ya moto, ambacho watu hupenda kukitaja kwa sababu pembe hunuka nywele zilizoungua, mimi sikipendekezi: kinaacha kovu, na kwenye seluloidi kinaweza kuwasha moto.

Tuseme umeona mistari na mwanga wa kahawia, na mpini ni wa pembe. Pembe ni keratini, yaani protini ileile ya kucha na nywele, na maji ya moto huilegeza. Hata hivyo ina tabia moja ambayo wengi huigundua wakiwa wamechelewa: pembe haisahau umbo la mnyama. Kibao hicho kilikatwa kutoka kwenye pembe iliyoviringika, kikalainishwa kwa joto na kukandamizwa mpaka kikanyooka. Ukikipasha moto na kukiacha huru, kitajaribu kurudi kwenye mviringo wake wa asili. Ndiyo maana mtu huchemsha mpini uliopinda kidogo akaopoa mpini uliopinda mara mbili zaidi. Mpindo wako wenyewe huenda ulitokana na jambo hilohilo, wembe ukiwa umekaa miaka kwenye dirisha lenye jua au mahali penye unyevu upande mmoja na ukavu upande mwingine.

Pembe iliyokauka sana, yenye weupe weupe na nyufa ndogo, haipaswi kukunjwa mara moja. Ikiwa haina sehemu zinazohitaji gundi, ipake mafuta yatokanayo na miguu ya ng'ombe, ambayo watengenezaji wa bidhaa za ngozi hutumia, na uiache ikae siku moja hadi siku kadhaa ikiyanywa. Ikiwa ina matabaka yaliyoachana au vitobo vya wadudu (viwavi wa nondo na wa mbawakawa fulani hula keratini kwa raha zao), anza na gundi nyepesi inayokauka haraka, uibane, uiache ikauke, ndipo uje kwenye mafuta, kwa kuwa gundi haishiki mahali palipokwisha kunywa mafuta.

Kwa kunyosha bila kung'oa ribiti, tafuta glasi ndefu inayostahimili joto au chombo chembamba kirefu, na kijiti bapa cha mbao, mfano wa kile cha aiskrimu, utakachokikwangua mpaka unene wake uzidi kidogo tu nafasi iliyopo kati ya vibao. Chemsha maji, yaache yatulie mpaka yafikie nyuzi 80 hadi 90 za sentigredi. Fungua wembe kikamilifu ili bapa liwe juu na mpini chini, kisha zamisha mpini mpaka karibu na ribiti ya egemeo, ukiiacha shingo nje ya maji. Joto hilo haliwezi kuharibu ugumu wa chuma, kwa sababu chuma cha wembe hulainishwa kiwandani kwa nyuzi zinazozidi sana joto la maji. Maji yakiingia kwenye egemeo yataleta kutu tu, nayo huzuiwa kwa kukausha na kupaka tone la mafuta mepesi.

Baada ya dakika tatu hadi tano kibao chembamba huwa kimelegea. Utalijua hilo kwa kukibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba katikati: kibao baridi hurudisha msukumo kwa ukali, kilicholegea hukubali kwanza kisha hurudi polepole. Hapo ingiza kijiti kati ya vibao, usawa wa mahali palipobonyea zaidi, ili kiusukume mpindo kuelekea nje. Zungushia mpini utepe wa pamba kwenye ncha zake mbili ili kibao kizima kisivutwe kutoka umbo lake, ukiiacha sehemu ya katikati isukumwe na kijiti. Lengo ni kukipeleka kibao kupita mstari ulionyooka kwa milimita moja, au mbili kwa mpindo mkubwa, kwa maana kitarudi nyuma kidogo kikiachiwa. Zamisha mpini wote ulivyofungwa katika maji ya moto kwa dakika mbili nyingine, halafu uhamishie moja kwa moja kwenye maji baridi, na uuache humo mpaka upoe hadi ndani. Usikitoe kijiti bado. Pembe imekunywa maji, na maji hayo yakitoka huku kibao kikiwa huru, mpindo utarudi nayo. Kausha kwa kitambaa, weka mahali penye kivuli na hewa, na usubiri saa 24 kwa uchache. Siku mbili au tatu ni bora. Haraka hapa ndiyo inayowafanya watu waseme pembe hainyooki.

Ukisikia mlio mdogo wa kupasuka wakati wa kuingiza kijiti, acha papo hapo. Kibao hakijapata joto la kutosha, au ni kikavu mno. Kirudishe kwenye maji, tumia kijiti chembamba zaidi, na ukubali kurudia kazi mara mbili kwa mpindo mdogo mdogo. Tarajia pia kwamba maji yatatoa sehemu ya rangi nyeusi na kuuacha uso ukiwa na ukungu. Hilo hurekebishwa kwa msasa laini wa namba 600, kisha 1000 na 2000, na mwisho kwa kitambaa chenye dawa ya kung'arishia. Vaa barakoa unapopiga msasa, kwa kuwa vumbi la pembe si zuri kwa mapafu, wala harufu yake haisahauliki upesi.

Kwa kibao kilichosokoteka, ribiti lazima zitoke. Usizichokonoe kwa bisibisi, kwani kibao kitapasuka kwenye tundu. Sugua kwa tupa ndogo ile kuba ya kichwa cha ribiti tu, mpaka ilingane na washa, yaani ile pete ndogo bapa iliyo chini yake, kisha iinue washa hiyo kwa ncha ya kisu na uitunze, hasa ikiwa ina nakshi. Laza mpini juu ya kipande cha mbao chenye tundu chini ya ribiti, na uisukume ribiti kwa chuma chembamba butu kilicho na kipenyo kidogo kuliko chake. Ribiti za chuma zilizoota kutu huwa zimevimba ndani ya tundu. Hizo zipe mafuta mepesi usiku kucha kwanza. Jihadhari na kabari: katika nyembe nyingi za kale za Sheffield ni ya risasi, kwa hiyo usiipige msasa ikiwa kavu, na unawe mikono ukimaliza.

Vibao vikishatoka, vilegeze katika maji ya moto kama nilivyoeleza, kisha vilaze kati ya mbao mbili zilizonyooka, kila kimoja kikiwa na karatasi ya kunyonya maji juu na chini, na ubane kwa klempu au kwenye jiliwa. Usikaze yote kwa mkupuo mmoja. Kaza robo, rudisha kwenye maji ya moto pamoja na mbao zake, kaza tena. Msokoto ukiisha, acha vibao humo mpaka vikauke kabisa. Ukipenda ule ufuro mdogo wa kiwandani, usiutengeneze hapa. Kabari itaurudisha yenyewe wakati wa kufunga.

Mpira mgumu una tabia iliyo kinyume na pembe, na kwa mwenye wembe huo ni habari njema. Huu uliumbwa kwenye kalibu ukiwa umenyooka, na kumbukumbu yake ni ya unyoofu. Ukiupasha joto la nyuzi 70 hadi 80, mara nyingi huanza kujinyosha wenyewe, na wewe huhitaji kufanya mengi zaidi ya kuushikilia unapopoa. Adui wake ni maji ya moto yanapogusa uso wake, maana mpira uliokaa kwenye mwanga kwa miaka hubadilika ukiloweshwa kwa moto na kuwa wa kahawia au kijani kibichi kilichofifia, na weusi wake haurudi ila kwa kupiga msasa mpaka utoe tabaka lote la juu. Kwa hiyo tumia hewa ya mashine ya kukaushia nywele, ukiisogeza huku na huko bila kuituliza mahali pamoja, au uufunge mpini kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, utoe hewa yote, na uuzamishe ukiwa umefungwa. Upoze ndani ya mfuko huohuo.

Seluloidi iliyo nzima hulegea kwa maji yasiyozidi nyuzi 70, na muda wa dakika moja au mbili hutosha. Tumia kipimajoto. Mashine ya hewa ya moto usiikaribie nayo, wala jiko, wala sigara. Lakini kabla ya kuinyosha, jiulize kama bado ni nzima. Seluloidi huoza kutoka ndani: hutoa mvuke wenye asidi, na mvuke huo huzidi kuiozesha. Dalili zake ni nyufa nyingi ndogo kama nyavu, harufu kali inayochoma pua, ukungu wa kijani kwenye washa za shaba, na zaidi ya yote kutu mpya inayoota kwenye bapa mahali linapokaa karibu na kibao huku sehemu nyingine za bapa zikiwa safi. Mpini wa namna hiyo haunyoshwi na hauokolewi. Uondoe kwenye bapa mapema, uuweke mbali na nyembe nyingine na mbali na moto, mahali penye hewa, wala usiufungie kwenye kisanduku kisichopitisha hewa, kwani mvuke uliofungiwa ndio unaoharakisha uozo.

Mipini mingine niipitie kwa ufupi. Bakelaiti, plastiki ngumu aliyoivumbua Leo Baekeland mwaka 1907, hailegei kwa joto hata kidogo, ukiilazimisha huvunjika. Pembe za ndovu na mfupa pia haviguswi na maji ya moto: hupasuka na kugeuka rangi. Hivi hubanwa taratibu sana kwa uzito mdogo kwa wiki nyingi, na mara nyingi ni bora kurekebisha kabari kuliko kibao. Gamba la ng'amba hulegea kama pembe, lakini ni jembamba na huungua upesi. Kwa pembe za ndovu na ng'amba, kumbuka kwamba CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, uliotiwa saini mwaka 1973, unabana biashara yake, hivyo kumiliki ni jambo moja na kuuza au kuvusha mpaka ni jambo jingine. Mpini wa mti, hata ule wa mpingo, hukubali mvuke, ila hurudi kupinda msimu wa unyevu ukifika.

Ukiwa ulifungua ribiti, usifunge moja kwa moja. Tumia kwanza skrubu ndogo zenye nati, za kipenyo cha milimita moja na nusu hivi, ukauunge wembe wote na kuujaribu. Hapa ndipo utakapoona kama kabari inahitaji kupunguzwa upande mmoja, au kama washa nyembamba sana ikiwekwa kati ya shingo na kibao italisogeza bapa katikati. Ukiridhika, badilisha skrubu kwa waya laini wa shaba ya manjano wenye kipenyo cha milimita 1.6, ukianza na upande wa kabari. Acha waya utokeze kidogo chini ya milimita moja juu ya washa kila upande, usawazishe ncha kwa tupa, na ugonge kwa nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo, mapigo mengi mepesi kuzunguka ukingo wa waya, ukigeuza wembe upande wa pili kila baada ya mapigo machache. Pigo moja zito huupinda waya ndani ya tundu, na ribiti iliyopinda ndani ndiyo inayolitupa bapa upande mmoja hata kama vibao vimenyooka kama mshale. Egemeo likazwe kiasi kwamba bapa lisianguke kwa uzito wake, lakini lifunguke kwa kidole kimoja bila kung'ang'ania.

Jaribio la mwisho linafaa kwako hata kama hukugusa ribiti. Ondoa selotepu, paka wino wa kalamu nene upande wa ndani wa kibao, mahali makali yalipokuwa yakigusa, uuache ukauke kidogo tu, kisha kunja wembe polepole na uufungue. Makali yakitoka safi, kazi imekwisha, na unachobaki nacho ni kulinoa bapa ili kuondoa mapengo madogo ambayo mgongano wa zamani umeyaacha. Yakitoka na alama ndogo ya wino mahali pamoja, usiutie mpini kwenye maji kwa mara ya tatu, kwani kila mzunguko wa joto huichosha pembe. Linganisha kwa macho mahali penye wino, funga msasa wa namba 400 kwenye kijiti kilekile cha kunyoshea, na uukwangue upande wa ndani hapo tu, mpaka wino unaoupaka upya usiguswe tena.